Jinsi ya Kufuatilia Kontena Lako Kutoka China Hadi Dar es Salaam

Mfanyabiashara wa Kariakoo anapolipia kontena la vigae, vipuri au vitambaa kutoka Guangzhou, fedha yake hukaa baharini kwa wiki kadhaa, na katika muda huo wote taarifa nyingi anazozipata hutoka kwa watu wawili tu: muuzaji ambaye amekwisha kulipwa na wakala ambaye anasubiri kulipwa. Mwongozo huu unaeleza namna mtu yeyote mwenye simu yenye intaneti anavyoweza kulifuatilia kontena lake mwenyewe, tangu linapochukuliwa tupu kupelekwa kiwandani hadi linaporudishwa tupu kwa kampuni ya meli. Nimechagua njia ya China hadi Dar es Salaam kwa kuwa hutumiwa na wengi, lakini utaratibu haubadiliki sana kwa anayepitishia mzigo Mombasa, wala kwa anayeupeleka Lubumbashi, Kigali au Bujumbura.

Ni vyema kuelewa tangu mwanzo kwamba kuna safari mbili. Kontena husafiri kwa meli, na nyaraka zake husafiri kwa barua pepe, kwa kampuni za kupeleka vifurushi na kwa mifumo ya forodha. Watu wengi huitazama meli kwenye ramani kila asubuhi na kuzisahau nyaraka. Kwa maoni yangu hapo ndipo fedha hupotea, kwa sababu meli ikichelewa, mwenye mzigo hana la kufanya, lakini nyaraka zikichelewa wakati kontena limekwisha kushushwa, kila siku ina bei yake.

Hati ya shehena na namba zake

Siku muuzaji anapokuambia kwamba mzigo umepakiwa, mwombe akutumie nakala ya hati ya shehena, ambayo wafanyabiashara huiita BL. Kwa kuanzia, hata rasimu yake inatosha. Humo utaikuta namba ya hati yenyewe, namba ya kontena, namba ya lakiri iliyofunga milango, jina la meli na namba ya safari, bandari ya kupakilia na bandari ya kushushia, idadi ya vifurushi na uzito. Soma jina la mpokeaji na la mtu wa kuarifiwa herufi kwa herufi, pamoja na namba ya simu, kwa kuwa taarifa ya kuwasili kwa meli itatumwa kwa mtu huyo. Kosa la jina husahihishwa kwa urahisi wakati hati bado ni rasimu. Orodha ya shehena ikishawasilishwa forodhani, marekebisho huombwa rasmi, hulipiwa na huchukua muda.

Uzito nao usipitwe. Tangu tarehe 1 Julai 2016, kanuni za kimataifa za usalama wa meli zinataka uzito wa kila kontena lililojazwa uthibitishwe kabla halijapakiwa melini. Kama uliagiza vigae vya tani 25 na hati inaonyesha tani 14, uliza siku hiyohiyo, kabla meli haijaondoka na kabla hujamalizia malipo.

Anayechangia kontena na wenzake ana kazi ya ziada. Msafirishaji anayekusanya mizigo ya watu wengi humpa kila mteja hati yake ndogo, na namba ya hati hiyo haijulikani kwenye tovuti ya kampuni ya meli, kwa kuwa kampuni ya meli inamtambua msafirishaji huyo peke yake kupitia hati kuu. Kwa hiyo ukiingiza namba ya hati ndogo na kuambiwa haipo, usidhani umetapeliwa. Mwombe msafirishaji namba ya kontena na ya hati kuu. Msafirishaji mwaminifu hana sababu ya kuficha namba ya kontena, na mimi nisingempa mzigo wa pili anayeikataa bila maelezo. Kumbuka pia kwamba katika kontena la kuchangia, mzigo wa mwenzako ukizuiwa na forodha, wako nao unaweza kuchelewa pamoja nao.

Kuihakiki namba ya kontena

Namba ya kontena ina herufi nne na tarakimu saba. Herufi tatu za kwanza humtambulisha mmiliki, na husajiliwa na Bureau International des Containers, taasisi iliyoanzishwa Paris mwaka 1933. Herufi ya nne, kwa makontena ya shehena, ni U. Tarakimu sita zinazofuata ni namba ya mfululizo, na ya saba, ambayo mlangoni kwa kawaida huandikwa ndani ya kisanduku kidogo, ni tarakimu ya uhakiki. Tarakimu hiyo hupatikana kwa hesabu kutokana na herufi na tarakimu zilizoitangulia, kwa hiyo namba iliyokosewa kunakiliwa, au iliyobuniwa tu, mara nyingi hujifichua yenyewe.

Hesabu yake inafanyika kwa kalamu na karatasi. Tuchukue namba ambayo hutumika sana kufundishia, CSQU3054383. Kila herufi ina thamani: A ni 10, B ni 12, kisha zinapanda moja moja hadi Z ambayo ni 38, huku 11, 22 na 33 zikirukwa. Hivyo C ni 13, S ni 30, Q ni 28 na U ni 32. Tarakimu hubaki na thamani zake. Nafasi ya kwanza huzidishwa kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 4, ya nne kwa 8, na kuendelea kwa kuongeza mara mbili hadi nafasi ya kumi, inayozidishwa kwa 512. Tunapata 13, 60, 112, 256, 48, 0, 320, 512, 768 na 4096, ambazo jumla yake ni 6185. Ukigawanya kwa 11 unapata 562 na baki ni 3, na kweli tarakimu ya mwisho ya namba yetu ni 3. Baki ikiwa 10, tarakimu ya uhakiki huwa 0.

Namba ikikataa hesabu hii, kwanza mwombe muuzaji picha ya mlango wa kontena, kwa kuwa huenda mtu alikosea kuandika tu. Namba ikikubali, bado hujathibitisha kwamba mzigo wako umo ndani. Umethibitisha tu kwamba namba yenyewe inawezekana. Picha hiyo ya mlango ina manufaa mengine. Chini ya namba kuna alama ya herufi na tarakimu nne inayotaja ukubwa na aina: 22G1 ni kontena la kawaida la futi 20, 42G1 ni la futi 40, 45G1 ni la futi 40 lenye kimo cha ziada, na 45R1 ni lenye mashine ya baridi. Aliyelipia kontena refu la kimo cha ziada na kuona 42G1 ana haki ya kuuliza.

Kuzisoma taarifa za kampuni ya meli

Nenda kwenye tovuti ya kampuni ya meli iliyotajwa juu ya hati ya shehena, kisha uingize namba ya hati au ya kontena. Usiitafute kampuni hiyo kwa kutazama herufi za kontena peke yake. MSKU ni ya Maersk na CMAU ni ya CMA CGM, lakini makontena mengi hukodishwa: TGHU ni ya Textainer na TCLU ni ya Triton, ambazo hukodisha makontena kwa kampuni za meli, kwa hiyo unaweza kuyakuta kwenye meli ya kampuni yoyote. Zipo pia tovuti zinazokusanya taarifa za kampuni nyingi mahali pamoja. Hizo zinasaidia, ila zikitofautiana na tovuti ya kampuni yenyewe, iamini ya kampuni.

Unachokiona hapo ni orodha ya matukio yaliyokwisha kutokea, na kila tukio liliingizwa na mtu au mfumo kontena lilipopita mahali fulani. Mfululizo wa kawaida ni huu: kontena tupu limetolewa yadi, limeingia bandarini likiwa limejaa, limepakiwa melini, meli imeondoka, kontena limeshushwa katika bandari ya kubadilishia, limepakiwa katika meli ya pili, limeshushwa Dar es Salaam, limetoka bandarini, limerudishwa tupu. Tukio la kuaminika zaidi katika mwanzo wa safari ni kupakiwa melini. Kuingia bandarini hakutoshi, kwa sababu kontena lililoingia linaweza kuachwa na meli iliyojaa likasubiri inayofuata. Jambo hilo hutokea sana kabla ya Mwaka Mpya wa Kichina, kati ya Januari na Februari, viwanda vinapokimbilia kumaliza oda, na mara baada ya sikukuu kampuni za meli hufuta baadhi ya safari kwa kuwa mizigo imepungua. Anayepanga kuuza bidhaa zake mwezi wa Ramadhani au shule zinapofunguliwa aitazame kalenda hiyo kabla ya kuagiza.

Makontena mengi ya njia hii hayaji na meli moja. Meli kubwa hulishusha kontena Singapore, Port Klang, Colombo au bandari nyingine kubwa, na meli nyingine hulileta huku. Jina la meli lililo kwenye hati mara nyingi ni la ile ya kwanza. Ndiyo maana mtu huifuata meli kwenye ramani, akaiona inaelekea Ulaya, akapata hofu bure: kontena lake limekwisha kushuka Asia siku nyingi. Fuata kontena kwanza, upate jina la meli ya pili, ndipo urudi kwenye ramani. Kontena likikaa bandari ya kubadilishia zaidi ya wiki mbili bila tukio jipya, iandikie ofisi ya kampuni ya meli ya Dar es Salaam, utaje namba ya hati, na uulize limepangiwa meli gani na safari namba ngapi.

Kuitafuta meli yenyewe

Meli za safari za kimataifa zenye ukubwa kuanzia tani 300 za ujazo zinalazimika kubeba mtambo wa AIS, unaotangaza kwa redio utambulisho wake, mahali ilipo, mwendo na uelekeo. Tovuti kama MarineTraffic na VesselFinder hukusanya mawimbi hayo na kuyaonyesha bure. Usitafute kwa jina tu, kwani majina hufanana na hubadilishwa meli inapouzwa. Tafuta kwa namba ya IMO, yenye tarakimu saba, ambayo haibadiliki tangu meli inapojengwa hadi inapovunjwa, hata kama itabadili jina, mmiliki na bendera.

Minara ya pwani hunasa mawimbi hayo kwa umbali wa makumi ya maili tu. Katikati ya Bahari ya Hindi ni setilaiti peke yake inayoweza kuyapata, na huduma hiyo kwa kawaida hulipiwa. Meli ikishaupita mlango wa bahari wa Malacca na Sri Lanka, inaweza kutoweka kwenye ramani ya bure kwa siku kadhaa, na hilo ni jambo la kawaida. Mahali inapokwenda huandikwa kwa mkono na mabaharia, mara nyingi kwa alama za herufi tano: TZDAR kwa Dar es Salaam, KEMBA kwa Mombasa, LKCMB kwa Colombo, SGSIN kwa Singapore. Kwa kuwa mtu ndiye anayeziandika, wakati mwingine husahaulika kubadilishwa.

Meli ya China hadi Dar es Salaam haipiti Bahari ya Shamu. Hata hivyo, baada ya meli ya Galaxy Leader kutekwa huko tarehe 19 Novemba 2023 na mashambulizi kuendelea, kampuni nyingi zilianza kuzizungusha meli zake za Asia na Ulaya kupitia Rasi ya Tumaini Jema, safari zikarefuka, na meli na makontena yakawa adimu hata kwa njia zisizopita huko. Anayeagiza magari au mitambo kutoka Ulaya aliguswa moja kwa moja. Kwa hiyo mwenye kontena baharini ana sababu ya kufuatilia habari za Bahari ya Shamu na Mfereji wa Suez hata kama mzigo wake unatoka bandari ya Ningbo, China.

Kuna tukio moja ambalo kila mwenye mzigo angepaswa kulifahamu kabla ya kukataa bima. Meli ya Ever Given, yenye urefu wa mita 400 na namba ya IMO 9811000, ilikwama katika Mfereji wa Suez tarehe 23 Machi 2021 ikiwa na makontena zaidi ya 18,000, na ikanasuliwa tarehe 29 mwezi huohuo. Habari za dunia ziliishia hapo, lakini kwa wenye mizigo ndipo shida ilipoanza. Misri iliizuia meli kwa sababu ya madai ya fidia hadi tarehe 7 Julai, na mmiliki wake akatangaza kwamba gharama za kuiokoa zigawanywe kati ya meli na wenye mizigo wote, kwa mujibu wa desturi ya zamani sana ya sheria za bahari. Maana yake ni kwamba mtu ambaye mzigo wake haukuguswa hata na tone la maji alitakiwa kutoa dhamana ndipo akabidhiwe. Aliyekuwa na bima ya shehena aliiachia kampuni ya bima kazi hiyo; asiyekuwa nayo alitakiwa kuitoa mfukoni mwake. Bima ya shehena ni sehemu ndogo ya thamani ya mzigo, na sioni busara ya kuikwepa.

Meli inapofika

Tarehe ya kutarajiwa kufika, inayoandikwa ETA, ni makadirio ya meli kufika eneo la bandari. Ukiona kwenye ramani meli imetia nanga nje ya Dar es Salaam, bado haijafunga gati, inasubiri nafasi. Ikifunga gati, makontena hushushwa mfululizo, na lako linaweza kuwa la kwanza au la mwisho. Tukio unalolisubiri ni kushushwa, kwa kuwa kwa kawaida hapo ndipo siku za bure, yaani siku ambazo hutozwi, zinapoanza kuhesabiwa.

Siku hizo zina hesabu mbili tofauti, na wengi huzichanganya. Bandari au bandari kavu (yadi ya makontena iliyo nje ya bandari) hutoza hifadhi kwa kila siku kontena linapokaa katika eneo lake baada ya muda wa bure. Kampuni ya meli nayo hutoza kwa kila siku kontena lake linapokaa mikononi mwako baada ya muda wake wa bure, likiwa limejaa au tupu, hadi utakapolirudisha. Unaweza kuwa umeimaliza moja na nyingine bado inakimbia. Idadi ya siku hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, na jambo ambalo wafanyabiashara wadogo hawaambiwi ni kwamba siku za bure za kampuni ya meli zinaweza kuombwa ziongezwe kabla ya kupakia. Mwambie muuzaji aziombe anapokata nafasi ya meli, na zipate kwa maandishi. Uliza pia kontena limeshushwa kwa mwendeshaji yupi, kwa kuwa tangu 2024 bandari ya Dar es Salaam ina waendeshaji binafsi wapya wa makontena, akiwemo DP World, chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania, na makontena mengine huhamishiwa bandari kavu za mjini au ile ya Kwala mkoani Pwani.

Nyaraka zinapaswa kuwa tayari kabla ya siku hiyo. Kama hati ya shehena ilitolewa kwa nakala halisi, kwa kawaida tatu, lazima nakala halisi ifike kwa wakala wa kampuni ya meli, na kifurushi kilichokwama njiani kinalikwamisha kontena zima. Njia nyepesi ni muuzaji kuzirudisha nakala halisi kwa kampuni ya meli hukohuko China, nayo iiagize ofisi ya Dar es Salaam ikukabidhi mzigo bila karatasi. Ila muuzaji atafanya hivyo akishalipwa, kwa hiyo panga malipo ya mwisho yafanyike meli ikiwa bado njiani. Bidhaa zinazohitaji cheti cha ubora cha TBS (Shirika la Viwango Tanzania) cha ukaguzi wa kabla ya kusafirishwa zikaguliwe China, kwa sababu mzigo ukishafika bila cheti hicho adhabu na ucheleweshaji ni vyako. Wakala wa forodha mwenye leseni anaweza kuwasilisha tamko lako la forodha kwa TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) kabla meli haijafunga gati. Mpe ankara, orodha ya vifurushi, hati ya shehena na vyeti mapema, na umwombe namba ya tamko, ili ujue kazi imeanza kweli.

Kodi zikishalipwa na forodha ikaruhusu, kampuni ya meli hutoa hati ya kukabidhi mzigo baada ya kulipwa tozo zake, na ndipo lori linapoingia kubeba. Kwa mzigo wa nchi jirani, forodha hufunga lakiri ya kielektroniki inayotuma mahali lori lilipo hadi mpakani, iwe Tunduma, Rusumo au Kabanga. Mwombe wakala akutajie namba ya lori na ya lakiri hiyo, na awe anakupa taarifa kwa maandishi.

Kontena likifika ghalani, usikate lakiri kabla hujaipiga picha ikiwa imefungwa, namba yake ikisomeka, na kuilinganisha na iliyo kwenye hati ya shehena. Ikitofautiana na hakuna karatasi ya ukaguzi wa forodha inayoeleza kwa nini ilibadilishwa, simamisha kazi na uite wakala na mkaguzi wa bima kabla ya kufungua. Hesabu vifurushi wakati vinashushwa, mbele ya dereva, na kama kuna upungufu au unyevu uandikwe kwenye karatasi ya makabidhiano kabla hajaondoka.

Kisha lisafishe kontena, ondoa mbao, misumari na mabaki, lipige picha ndani na nje, na ulirudishe kwenye yadi ambayo kampuni ya meli imeitaja, kwa kuwa yadi hubadilika na ukilipeleka kusikohusika siku zinaendelea kuhesabiwa. Chukua stakabadhi ya kulipokea yenye namba ya kontena, tarehe na hali yake, kisha baada ya siku mbili au tatu angalia tena tovuti ya kampuni ya meli. Tukio la kurudishwa tupu likionekana, peleka nakala ya stakabadhi hiyo pamoja na ombi la kurudishiwa amana yako, kama uliiweka kwa kampuni ya meli kwa ajili ya kontena.